Mizinga Juu ya Mikwaju

Mpendwa Bi Asmahani,

Kwa miaka hamsini na miwili nimeficha kaseti moja ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya vitabu vyangu, na leo naomba msaada wako kwa sababu daktari ameniambia moyo wangu umechoka, nami sitaki kuzikwa kaseti hiyo ikiwa bado koponi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Raskazone, nina miaka themanini na mitano, natembea kwa mkongojo, na mjukuu wangu Mwatum ndiye anayenisomea safu yako kila Jumatano, ila barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo niwie radhi kama mistari inapanda na kushuka. Hapa Tanga watu wananijua kwa jambo moja, kwamba nazijua bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia, si kwa kuzipiga, maana sijapiga hata njiwa, bali kwa kuzisoma, na tangu ujana wangu kila ikionyeshwa filamu ya vita watu hunifuata niwaambie hii ni ya jeshi gani na ya mwaka gani, nami hutazama komeo lilivyokaa, mbao inakoishia kwenye mtutu, na kama kuna moshi mweupe au hakuna, kisha nataja, nao wanashangilia kama nimefunga bao.

Mwaka 1973 nilichukua kinasa sauti cha shule nikaenda kumhoji mzee mmoja aliyeyaona kwa macho yake mapigano ya Tanga ya mwaka 1914, naye akasema mizinga minne ilivuma, na askari wa Mwingereza walioshuka melini wakarudi mbio baharini, basi nikaandika kijitabu, nikasema hiyo ni mizinga minne ya Kijerumani, nikaipa hata upana wa mdomo, nikamwita yule mzee mpiga mzinga, na zile habari za nyuki kuwashambulia askari, ambazo kila mtu wa Tanga amezisikia tangu utoto, nikaziita porojo za vijiweni. Kijitabu kikasomwa shuleni, nikasifiwa, nikazeeka nacho.

Mwaka juzi akaja mtengeneza filamu, Castory, kijana wa bara mwenye adabu zake, akakipenda kijitabu akakifanya filamu, na shujaa wake ni mpiga mzinga. Bunduki za filamu hiyo alizichonga kwa mbao fundi seremala wa Nguvumali, binti anaitwa Khairat, na nakuambia kweli sijaona kazi kama ile, askari wa Mjerumani amewapa bunduki ndefu za zamani za risasi moja moja, zile za baruti nyeusi ambazo ukifyatua moshi unakutangaza ulipo, na wale wa upande wa Mwingereza amewapa bunduki fupi ambayo mbao yake inafika hadi mdomoni mwa mtutu. Castory alipomwagiza achonge na mizinga minne alikataa, akasema amesoma kote na mizinga ya Wajerumani ilifika mapigano yakiwa yameshaamuliwa, akaonyeshwa kijitabu changu, akakataa tena, wakamwondoa. Mizinga ikachongwa na mtu mwingine, na jina la Khairat likafutwa kwenye orodha ya mafundi.

Mwezi uliopita filamu ilionyeshwa hapa mjini, nami nikaombwa niketi mbele nitambue silaha, wanasimamisha picha, nataja, watu wanapiga makofi, nikataja bunduki ndefu, nikataja fupi, nikataja bombomu, ile bunduki ya risasi za mfululizo yenye pipa la maji, tukafika kwenye mizinga, na hapo Khairat akasimama huko nyuma.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba.”

“Bunduki zote umezitaja sawasawa, na nilizichonga kwa kufuata maelezo yako. Hiyo mizinga ndiyo inanishinda. Saa ile ilikuwa wapi?”

Nami, Bi Asmahani, mbele ya watu mia mbili, nikamjibu, “Wewe kazi yako kuchonga. Chonga.”

Ukumbi mzima ulicheka. Tangu siku hiyo vijana wa bodaboda wakipita mbele ya karakana yake wanapunguza mwendo na kumpigia kelele, chonga, chonga, na ofisi iliyotaka kumpa kazi ya kutengeneza maonyesho ya historia kwa ajili ya shule imemwambia asubiri kwanza, kwa sababu anabishana na wataalamu.

Wiki iliyopita nilitoa ile kaseti nikaisikiliza, na yule mzee anasema kabisa kwamba mizinga ilikuwa juu ya mikwaju, ndipo nikatambua kwamba nilikosea, kwamba alikuwa anazungumzia mizinga ya nyuki, maana neno ni hilo hilo moja, na ujana una haraka. Sasa Jumamosi ya tarehe ishirini filamu itaonyeshwa kwa walimu kutoka Tanga, Muheza na Pangani ili iingie shuleni, nami nitapewa ngao ya heshima. Je, niseme siku hiyo na kupoteza jina nililolijenga maisha yangu yote, au niandike barua ifunguliwe baada ya mazishi yangu? Naogopa kuzomewa na wanafunzi wangu, ambao sasa nao wana mvi.

Mwalimu, Raskazone

*

Shikamoo Mwalimu.

Nimetanguliza shikamoo kwa sababu maneno yanayofuata si ya kumwambia mtu wa umri wako, na mama yangu akiyasoma atanipigia simu.

Pole kwa moyo kuchoka. Hongera kwa kuandika kwa mkono wako. Hongera zimeishia hapo.

Unasema ulikosea. Mwalimu, mzinga wa chuma unapandaje mkwaju? Nilimsomea barua yako mwenzangu Yasini hapa ofisini, akauliza kama Wajerumani waliupandisha kwa ngazi au kwa kamba, kisha akacheka hadi ikabidi aende nje. Wewe unazitofautisha bunduki mbili kwa kutazama mbao inaishia wapi, halafu unataka niamini kwamba wewe, mzaliwa wa pwani hii, uliambiwa mizinga iko juu ya miti, inavuma, na watu wanaikimbia kwenda kujitosa majini, na hukuuliza ni mizinga gani? Mtoto wa darasa la pili angeuliza. Na kitu ulichokosea bila kujua hukifichi koponi miaka hamsini.

Tena kuna jambo jingine. Umemtaja mjukuu wako kwa jina, umemtaja Castory, umemtaja Khairat. Yule mzee uliyemhoji, ambaye habari yote hii imetoka kinywani mwake, umemwita “mzee mmoja”. Mwalimu wa historia hasahau jina la shahidi wake. Ni nani huyo? Usinijibu mimi. Wajibu watakaokuwa ukumbini.

Tuje kwa Khairat. Huyu dada alisoma ulichoandika juu ya bunduki, akakiamini, akakichonga kwa mikono yake, na alipofika mahali pasipo na ushahidi akasimama. Si ndivyo ulivyokuwa ukifundisha darasani? Mwanafunzi wako bora kuliko wote hukumfundisha hata siku moja, na ulipokutana naye ukamfanya kichekesho cha mtaa. Hilo ndilo linalonikera. Jina lako litajitetea lenyewe, lina miaka mingi. La kwake ndiyo kwanza linaanza, na wewe umelikalia.

Barua ya kufunguliwa baada ya mazishi usiiandike. Watu watakuwa kwenye sahani za pilau, nani atainuka kwenda Nguvumali kumwomba radhi kwa niaba yako? Utakuwa umemwachia Mwatum aibu aibebe yeye, na maswali asiyoweza kuyajibu.

Fanya hivi. Kesho panda bajaji uende karakanani kwa Khairat, mchana, vijana wa bodaboda wakiwa pale pale, maana ulimwaibisha mbele za watu na radhi yake haiombwi chumbani. Ukitoka hapo mpigie simu Castory, kijana wa watu asije akayasikia ukumbini pamoja na wageni wake. Jumamosi meza dawa zako, keti kwenye kiti chenye mgongo, nenda na kaseti na kitu cha kuichezea, uwasikilizishe kabla hujapokea ngao. Wakishasikia, useme yote. Nusu uliyonipa mimi haitoshi.

Bi Asmahani

*

Wiki nne baadaye tulipokea barua hii, na mwandishi ameomba tuichape kama ilivyo.

Bi Asmahani, marahaba.

Nilipolisikia jibu lako nilikasirika sana, nikamwambia Mwatum alichane gazeti, yeye akalikunja vizuri akaliweka chini ya mto wangu, na kesho yake asubuhi nikakuta ameshaita bajaji.

Khairat nilimkuta anapiga msasa meza, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, nikamwambia alikuwa sahihi na nilimtukana kwa sababu alikuwa sahihi, naye akaendelea na msasa wake kwa muda, nami sikujua niondoke au nibaki. Mwishowe akavuta kigoda. “Kaa, Mwalimu. Ukianguka hapa watasema nimekusukuma.” Tukacheka wote wawili, na kijana mmoja wa bodaboda akapita na kelele zake za chonga, nikamwita, nikamwambia neno hilo lilikuwa langu na nimelirudisha, kwa hiyo akilitaka tena aje kulichukua kwangu Raskazone. Alizima pikipiki akanipa shikamoo, na sijasikia kwamba limetamkwa tena mtaani pale.

Castory nilimpigia simu nikamweleza. Kisha akaniuliza kama wale nyuki walikuwa wengi. Nilipomwambia wengi, akasema basi Mwalimu, miaka miwili umeninyima filamu nzuri zaidi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilikataa kutaja silaha peke yangu, nikamwita Khairat mbele, wakawa wanasimamisha picha, yeye anataja, mimi nasema sahihi, anataja, nasema sahihi, na alipoeleza kwa nini bunduki ile ndefu inatoa moshi na ile fupi haitoi, walimu walikuwa wanaandika kwenye madaftari. Ilipofika mizinga nikasimama, Mwatum akabonyeza kile kinasa cha kuazima, na sauti ya mwaka 1973 ikajaa ukumbini, ikisema huku inacheka: “Ilikuwa minne, juu ya mikwaju. Risasi zikaipasua, ikavuma. Jamaa wale walivua hadi viatu, wakakimbilia baharini, nami nimejificha nawatazama. Nilicheka, nikajiziba mdomo nisisikike.”

Kisha Rahimu, niliyemfundisha kidato cha tatu na ambaye sasa ni mkuu wa shule mstaafu wa Muheza, akaanza kucheka, akicheka pamoja na yule mzee wa kwenye kaseti, na ukumbi wote ukamfuata, watu wakasimama wakapiga makofi hadi nikashika meza. Nilikwenda kuzomewa, Bi Asmahani. Sijawahi kushangiliwa vile, hata nilipokuwa naitwa bingwa. Castory akatangaza pale pale kwamba mizinga ya bandia inaondolewa na sehemu hiyo itapigwa picha upya, kwamba Khairat ndiye atakayechonga mizinga ya magogo, na jina lake litaandikwa la kwanza kati ya mafundi. Maonyesho ya shule nayo amepewa. Ofisi ile ilimpigia simu yenyewe, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Uliniambia niseme yote. Niliyasema, nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye mgongo, na nayaandika hapa ili yabaki.

Nilipokuwa mwalimu kijana, wenzangu walikuwa na babu makarani wa reli na babu askari, na kila mmoja alikuwa na picha ukutani. Mzee yule alipokuja shuleni kuniona, ananuka moshi na nta, niliwaambia ni jirani wa nyumbani. Siku niliyomrekodi alisema wazi, “mizinga yangu ya asali.” Nilizima kinasa, nikafuta, nikamwomba arudie, ila aliache lile neno la asali. Alinitazama kidogo, akaelewa, akarudia kama nilivyotaka, kwa sababu alinipenda. Mikwaju ndiyo niliyosahau kumkataza.

Alikuwa babu yangu, mzaa baba yangu. Kazi yake ilikuwa kurina asali, hakushika bunduki hata siku moja, na hayo yote niliyajua.