Nilimkana Baba Mbele ya Maafisa Watatu

Mpendwa Bi Hortensia, naomba msaada wako kabla ya tarehe kumi na tano na naomba usinicheke. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa wa hapa bandarini Talcahuano, baba yangu ni sajini wa jeshi la majini, mpishi, mwaka wa ishirini na sita huu anapika melini, na mimi tangu niko mdogo sijawahi kutaka kitu kingine ila kuwa afisa wa meli, yule anayesimama kwenye usukani na kuamua meli igeukie wapi.

Nyumbani tumebishana juu ya jambo hili mpaka majirani wameshachagua upande. Baba anataka niingie chini kama alivyoingia yeye, niwe baharia wa kawaida, nisugue sitaha, halafu wakiniona nafaa watanipeleka kozi ya uafisa, anasema, "Afisa aliyeanzia chini haulizi fagio linakaa wapi," na mama anamjibu hapo hapo, "Eleodoro, wewe umesugua miaka ishirini na sita, hiyo kozi iko wapi?" Mama anataka niende chuo kikuu Concepción nisomee uinjinia kwanza, maana jeshi huwachukua wainjinia na madaktari wakiwa wameshahitimu, wanapata mafunzo mafupi na cheo begani, lakini hao, Bi Hortensia, hawapewi meli, wanapewa mitambo, na mimi nataka meli. Basi nikachagua njia ya tatu, chuo cha maafisa kule Valparaíso, unaingia kadeti tangu siku ya kwanza, nikafanya mtihani, nikaogelea, nikapimwa na madaktari, kote nikapita, yakabaki mahojiano, na hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe.

Kwenye benchi la kungojea tulikuwa sita na wale watano walikuwa wanajuana kwa vyeo vya baba zao, mmoja akasema, "Kwetu babu kapteni, baba kapteni, hata mbwa anapigiwa saluti," wakacheka, wakanigeukia, "Na wewe mwenzetu, kwenu nani?" nikajifanya natafuta kalamu kwenye mkoba. Nikaingia ndani nikiwa nimeshakuwa mdogo. Maafisa walikuwa watatu, na mmoja mwenye mvi akaniuliza jeshini nina nani, kwenye fomu walikuwa wametaka jina la mzazi tu, si kazi yake, na mimi nikausikia mdomo wangu unasema baba ni mfanyabiashara, ana duka la mabati na misumari, na duka hilo ni la mjomba Baldomero, kaka yake mama. Yule mwenye mvi akaitazama karatasi, akasema, "Oyarce. Melini kwetu tulikuwa na mpishi, sajini Oyarce. Si ndugu yako huyo?" Nikasema, "Hapana, afande, simjui." Akasema, "Basi. Maharage ya mzee yule sijayapata tena popote," na akaandika.

Sasa barua imekuja, nimechaguliwa. Baba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, akavuka barabara kwenda kumwonyesha jirani. Lakini barua inasema tarehe kumi na tano mzazi au mlezi afike mwenyewe kutia sahihi ya kunidhamini, mbele ya maafisa wale wale. Mjomba Baldomero nimemwambia yote, yeye anasema, "Nitakwenda mimi kama mlezi wako, baba yako tutamwambia siku imeahirishwa, jambo dogo hilo." Na jana baba ametoa kabatini sare yake ya sherehe, akaniuliza, "Yasna, siku hiyo nivae hii au koti la kawaida?" nikamwambia, "Koti tu, baba," akasema, "Haya," akairudisha. Nikienda na baba watajua nilidanganya na nafasi imekwenda, nikienda na mjomba nafasi ninayo lakini sijui nitamtazamaje baba, niambie nifanye nini.

Y., Talcahuano

Yasna mwanangu, majina nimeyabadilisha yote, lakini bandari yetu ni ndogo na watu wake wana masikio marefu, kwa hiyo usilale na gazeti hili kabla hujasema nyumbani.

Barua yako niliisoma vizuri mpaka nilipofika kwenye lile koti. Hapo niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Hivi unadhani mtu aliyekaa jeshini miaka ishirini na sita hajui sare ipi inavaliwa siku ipi? Anajua kuliko wewe na mjomba wako mkiunganishwa. Hakuwa anakuuliza habari za nguo, binti yangu. Alikuwa anakuuliza kama unamwonea haya, na wewe ukamjibu.

Lia kidogo, halafu endelea kusoma. Sikukatai, maana hata mimi nimepita huko. Marehemu mume wangu alikuwa baharia wa ishara, wa kupeperusha bendera melini, na kwenye sherehe za jeshi wake za maafisa walikuwa na meza yao na sisi tulikuwa na yetu. Mwaka mmoja nilijitia kupotea nikakaa kwenye ile yao. Nilijiona mjanja kweli. Mume wangu alikuja kunichukua polepole, akanishika kiwiko, na jambo hilo hakulitaja mpaka tunamzika. Laiti angelitaja. Ndiyo maana leo nina ukali na wewe.

Kwanza, zile njia tatu umezipanga kama ngazi, ya baba yako chini kabisa na ya kwako juu. Nani kakwambia? Aliyetoka chuo cha maafisa ataongoza meli mapema, sawa. Mwinjinia ataifanya iende. Na yule aliyepanda kutoka kwenye fagio ndiye ambaye vijana wa chuo humfuata pembeni kumwuliza kwa sauti ya chini, bahari ikichafuka. Wote wanapigiwa saluti ile ile, na wote wanakula alichopika baba yako. Kutaka meli si kosa, itake sana. Kosa lako ni kwamba uliona lazima umtupe mtu ili uwe mwepesi.

Mjomba Baldomero mpe shukrani zake, mwambie arudi akauze misumari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yule afisa mwenye mvi anakumbuka maharage ya miaka mingi, unadhani atasahau jina?

Sasa nikwambie jambo ambalo huko uendako wangekufundisha wiki ya kwanza. Melini kuna daftari la zamu. Mwenye zamu akiandika kosa haruhusiwi kulifuta. Anapiga mstari mmoja mwembamba juu ya neno, libaki linasomeka, anaandika la kweli pembeni, anatia sahihi yake. Kukosea wanakosea wote. Anayeonekana hafai ni yule aliyekwangua karatasi. Unataka uafisa, basi anza nao leo. Chukua karatasi, andika kwa mkono wako: niliulizwa hivi, nikajibu hivi, ukweli ni kwamba sajini Oyarce mpishi ni baba yangu, nilisema simjui kwa sababu niliona haya. Usiwataje wale vijana wa kwenye benchi, wao hawakukulazimisha. Panda basi la Valparaíso uipeleke mwenyewe kabla ya tarehe kumi na tano, uombe kuonana na yule mwenye mvi, usimame wima.

Wanaweza kukuengua. Sikufichi, uongo katika habari hii umeshatosha. Wakikuengua utarudi nyumbani na maumivu yako, utapumzika, halafu utaomba chuo kikuu au utaingia kwa njia ya baba, na kokote utakakoingia utaingia na jina lako lote. Wasipokuengua, siku ya sahihi baba yako avae ile sare, na umbebee kofia.

Lakini kabla ya karatasi na kabla ya basi, yuko yeye. Asilisikie kwa mjomba wala kwa jirani wala kwangu. Umwambie ulivyosema mle chumbani, na lile neno "simjui" usilipunguze wala usilipake sukari. Leo unaposoma haya ni Jumapili, na mpishi wa jeshi akiwa nyumbani Jumapili hamwachii mtu jiko. Nenda sasa hivi. Anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza kabisa akaendelea kumenya viazi vyake. Akinyamaza usiondoke: vuta kiti, chukua kisu, umenye naye.

Hortensia