Kufuli la Chumba cha Kompyuta

Wodi ya Wanawake, Thika
Jumapili

Kaka Rajabu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Voi. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na wewe, hayo macho yanayokuwasha kwa sababu ya kuchomelea vyuma bila miwani, umekwenda kuyaonyesha au bado unajifanya simba? Mimi nipo, kaka. Nimevunjika mkono wa kushoto na nimeungua shingoni, lakini mkono wa kulia unaandika kama unavyoona, na ulimi wangu haukuguswa.

Barua yako ilinifikia juzi. Umesikia kwamba nimekatwa mapanga, na umeamuru nirudi nyumbani mara moja nikafundishe hapo mtaani. Hakuna panga lililonigusa. Nitakueleza yote, kwa sababu kuna jambo linalonisumbua na sina mtu mwingine wa kumwambia. Polisi wanataka jina kutoka kwangu. Ninalo, na sijui kama nitalitoa.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa furaha kwamba shule yetu ya Theta, shule ya kutwa ya serikali yenye madawati ya kuegemezwa ukutani yasianguke, imepewa kompyuta? Ofisi moja ya Nairobi ilikuwa inabadilisha mashine zake, ikatupa za zamani. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Gathogo, alizipokea kama bibi harusi. Akaziweka kwenye stoo, akatia vyuma madirishani, akazifunika vitambaa alivyofuma mkewe. Muhula mzima hazikuguswa. Wageni waliletwa kuziangalia, wakavua viatu mlangoni ili vumbi jekundu lisiingie, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kunywa chai.

Nikagombana naye. Unanijua nikianza. Mwishowe akakubali nifundishe kidato cha tatu, lakini darasa la East peke yake, wale wanaofanya vizuri. West hapana.

"Madam, hao wa West hata hesabu ya kawaida imewashinda," aliniambia. "Unataka waniharibie mashine?"

"Sasa watajifunza lini?"

"Wataona kwa wenzao."

Na kweli wakawa wanaona kwa wenzao. East wakiwa ndani, West walijazana dirishani mpaka mlinzi awafukuze kwa rungu. Basi nikawachorea herufi za kompyuta kwenye vipande vya katoni, kila herufi mahali pake, wakawa wanazoeza vidole chini ya madawati. Mwangi, kijana mrefu wa West, aliizoea katoni yake mpaka akawa anaandika amefumba macho. Mtoto anabonyeza katoni, kaka, na kompyuta ziko ukuta wa pili! Nilimpongeza, kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira.

Bwana Gathogo akazikuta hizo katoni. Asubuhi ya gwaride, mbele ya bendera, alizichana moja moja, kisha akawalaza wenyewe kifudifudi akawachapa. Mwangi alichapwa mpaka suruali ikalowa damu. Nilitoka mstarini nikamshika mwalimu mkuu mkono, akanisukuma nikaanguka kwenye changarawe mbele ya shule nzima. Hakuna mwalimu aliyesogea. Mwangi aliinuka bila chozi, akaniangalia, na sikuyapenda macho yale.

Hapa lazima nikueleze habari ya viatu, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Kila somo la kompyuta viatu vilipangwa barazani, nje ya mlango. Ukipita ukaviona, unajua darasa limo ndani. Wiki ile vilianza kuibwa, tukaambiwa tuvitie kwenye gunia tuingie navyo ndani. Na mlinzi alikuwa na amri nyingine ya mwalimu mkuu: darasa likishaingia, afunge kufuli kwa nje, ili mtu asitoke na kitu mfukoni. Kufuli hilo nililipigia kelele sana. Nikajibiwa kwamba mashine ni ghali kuliko kelele zangu.

Wiki hiyo hiyo West wakagoma. Tulikuwa ndani na East tuliposikia mawe juu ya mabati, kisha vioo vya ofisi, kisha gari la mwalimu mkuu likipinduliwa. Mwenyewe alikwisha kuruka ua. Mlinzi naye alikimbia, ufunguo kiunoni. Niliwaambia watoto walale chini ya meza wanyamaze kabisa, maana nilidhani wakitusikia watatuingilia. Wakanyamaza. Nje nikasikia sauti:

"Hakuna mtu! Hakuna viatu!"

"Choma hizo makompyuta! Kama si zetu, zisikuwe za mtu!"

Niliinua kichwa nikaona, kati ya vyuma vya dirisha, Mwangi ameshika chupa inayowaka. Hakuangalia chini. Aliirusha ikapasukia ukingo wa meza, na petroli ikamwagikia msichana aliyelala hapo, Wanjiru, mwepesi kuliko wote niliowahi kufundisha. Vile vitambaa vya kufuma vikashika moto. Watoto walipiga mayowe ambayo bado nayasikia nikikohoa. Mtandio wangu ukawaka, nikauvua na ngozi. Tulijitupa mlangoni, tukagonga, tukapigana wenyewe kwa wenyewe kama wanyama, na hapo ndipo mkono wangu ulipovunjika.

Nje kelele zilikatika. Kisha nikamsikia Mwangi: "Ngai! Kuna watu! Kuna watu huko ndani!" Akaja na sururu, akalipiga lile kufuli kama mwendawazimu mpaka likaachia. Aliingia kwenye moshi, akambeba Wanjiru mikononi akiwa bado anawaka, akamlaza kwenye nyasi. Aliponiona ninamwangalia, akakimbia.

Wote tulitoka hai. Lakini hayakuishia hapo. Polisi walifika na gesi ya machozi, wakampiga yeyote aliyevaa sare ya shule, wakawafukuza watoto mpaka Ruiru. Sokoni huko watu wakamkamata kijana mwingine wa West, ambaye siku hiyo hata shuleni hakuwepo, wakampiga kwa mawe na kumvisha tairi. Kama si mama mmoja muuza viazi kujitupa juu yake, wangemchoma. Mwangi hajaonekana hadi leo.

Sasa unaona shida yangu. Nikimtaja, watamwua kabla hajafika mahakamani. Nisipomtaja, wataendelea kupiga wengine badala yake. Na nikifumba macho, naona chupa, halafu naona sururu.

Baba yake Wanjiru, mkulima mpole wa kumtazama, huja kila siku na uji. Humnywesha mwanawe kijiko kwa kijiko kwa upande wa mdomo ulio wazi, kisha hugeukia kitanda changu.

"Mwalimu, mimi sitaki mambo mingi. Nipee jina tu."

Mpini wa panga hutokeza kwenye kiondo chake. Nimekuwa nikimwambia kulikuwa na moshi mwingi.

Bwana Gathogo pia alikuja, na soda. Akaniambia bodi imeamua mashine zilizopona ziende kwenye akademia moja ya kulipia hapa mjini. "Umeona sasa, madam? Watoto wa shule kama yetu si wa kupewa vitu vya maana." Nilimtupia ile chupa ya soda. Ilimkosa, bahati mbaya.

Leo mchana, baba yake alipotoka, Wanjiru aliniita. Nusu ya uso wake imefungwa bandeji na hazitakuwa za muda mfupi.

"Mwalimu, ulimwona. Hata mimi nilimwona."

Nikamwambia yule kijana alipigwa vibaya, alinyimwa, hakujua kama tumo, na ndiye aliyetutoa. Nilizungumza vizuri, kaka, kama wakili. Aliniacha nimalize.

"Unamhurumia kwa uso wangu," akasema. "Mhurumie kwa wako."

Ndipo nikachukua kalamu nikuandikie.

Jumatatu

Niliiacha barua jana, mkono ulichoka. Polisi wamekuja asubuhi hii. Askari alivuta kiti kwangu, lakini Wanjiru akamwita kwake.

"Mwangi wa Three West. Yeye ndiye alirusha chupa. Nilimwona."

Baba yake alifumba macho. Askari akaandika, akafunika kalamu, akasimama.

"Sijamaliza," Wanjiru akasema. "Andika ni yeye alitutoa. Halafu andika tulikuwa tumefungiwa kufuli, na andika nani alisema tufungiwe."

"Hiyo ya kufuli ni mambo ya shule."

"Andika."

Askari alicheka kidogo, akaelekea mlangoni. Baba yake Wanjiru alikuwa amekwisha kusimama hapo, kiondo mkononi. Askari alitazama ule mpini, akarudi, akaketi, akafungua kalamu. Wanjiru akamtajia Bwana Gathogo kwa majina yake yote, taratibu, akingoja aandike kila moja. Kisha nikaitwa mimi, na nikayasema yote matatu kwa sauti ya kusikika wodi nzima: chupa, sururu, kufuli. Nimelia sana baadaye. Sijui watamfanya nini yule kijana wakimpata, na ninaogopa.

Kwa hiyo usije kunichukua, kaka. Kuna kesi, na nitasimama kila nitakapoitwa. Kuna bodi pia, na mashine hizo haziendi akademia nikiwa hai. Zitarudi Theta, na darasa la kwanza kuingia litakuwa West, mlango wazi.

Msalimie mama, umsomee habari za mkono tu. Msalimie wifi yangu Saumu, mwambie ule mtandio alionishonea uliniokoa, ndio ulioungua mahali pangu. Baba mdogo Athumani, ambaye alinifundisha kugombana, mwambie mwanafunzi wake yupo. Watoto wako uwabusu wote, na yule mkubwa asiache shule.

Niombeeni, na mumwombee na Wanjiru. Wanambadilisha bandeji sasa hivi, na amenishika mkono.

Dada yako,
Zaituni