Chumba Nilichowekewa Wete

London, 3 Februari 2023

Mdogo wangu Ummukulthum,

Leo natimiza miaka hamsini na nane tangu niondoke Wete. Hujambo wewe, na mjukuu wako Miska? Mimi magoti yanauma, macho bado yanasoma.

Nyumba hii ya wapiga chapa wastaafu ninamokaa, hapa Walthamstow, ilijengwa na mwenye gazeti wa zamani, Josiah Trewin. Jina lake liko juu ya mlango na hakuna anayemjua, basi nimekwenda kumtafuta maktaba. Alianza kwa kupanga herufi za risasi za kuchapia, kama mimi. Alipotajirika, kila Jumamosi gazeti lake lilichapa bure matangazo ya watu waliopotelewa na ndugu. Kwa nini yeye, na si wenzake?

Kaka yako, Ameir

Wete, 1 Machi 2023

Kaka Ameir,

Shikamoo. Sisi wazima, sukari yangu imetulia. Miska ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu.

Nilikuuliza utarudi lini, umenijibu habari za Mzungu aliyekufa! Miska anaolewa baada ya Idi. Mumewe atahamia kwetu, na chumba kilichobaki ni chako. Kila mwaka nakipaka chokaa. Watu wananicheka: "Bi Ummu kamwekea jini chumba." Niambie kweli, nikiweke au nimpe?

Na huyo Mzungu wako, kwao hakuwa na dada?

Mdogo wako

London, 9 Aprili 2023

Ummukulthum,

Saumu njema. Huku tunafuturu saa mbili kasorobo.

Dada alikuwa naye, kijijini kwao. Bila swali lako nisingemtafuta. Barua zake ishirini na mbili zimehifadhiwa, moja kila mwaka, na zote zinamuuliza kaka yake siku ya kuja. Trewin alinakili majibu yake daftarini: "Mwakani, Mungu akipenda." Mtu aliyewatafutia wageni ndugu zao!

Beatha, binti wa Bukoba anayetunza nyaraka hizo, alisoma pamoja nami.

"Mzee, huyu aliogopa kusema hapana."

"Labda alikuwa na kazi nyingi."

"Miaka ishirini na miwili, babu?"

Habari ya chumba nitakuandikia.

Kaka yako

Wete, 20 Aprili 2023

Kaka,

Afya tunayo. Wiki ijayo ni harusi. Usinihurumie. Andika.

Mdogo wako

London, 23 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Idi njema kwenu nyote. Nimeswali, nimekula, sina homa.

Mpe Miska chumba. Kitanda changu kitoe, ni chembamba, hakiwafai maharusi.

Sababu si magoti wala nauli. Nilipokuja kumzika mama, nilimuuliza muuza samaki njia ya kwenda nyumbani kwetu. Hukulijua hilo. Mke wangu amezikwa huku. Asubuhi jirani yangu Tarsem hugonga ukuta: "Ameir, umekufa au unasoma?" Nami hujibu nasoma.

Nilikuwa nikikuandikia "inshallah mwakani" kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Wewe uliniamini. Nisamehe.

Sitarudi.

Kaka yako, Ameir