Gauni la Krismasi la Wambui

Thika, Alhamisi, Januari 1957

Jua kali tangu asubuhi, vumbi jekundu mpaka ndani ya wino. Mimi mzima. Sina furaha wala huzuni. Nimekaa tu kama mguu uliokufa ganzi, ambao unajua ni wako kwa sababu umeungana na kiuno chako.

Leo tumepima watoto wa darasa la kwanza. Daftari langu, kazi hii unaijua, nimekuandikia habari zake kila Januari tangu nipewe ukuu wa shule. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akigusa sikio la kushoto, anaandikwa. Asipogusa, anarudi nyumbani kukua. Karatasi za kuzaliwa hawana, na mama zao huhesabu miaka kwa njaa na nzige, kwa hiyo sikio ndilo karani wetu.

Mstari ulitoka mlangoni, ukapita choo, ukafika barabarani. Viwanda vinaleta watu, watu wanaleta watoto, na shule ambazo serikali ilizifunga Hali ya Hatari ilipotangazwa hazijafunguliwa. Ofisi ya Elimu inataka mpango kutoka kwangu: mwaka huu watoto wangapi, miaka mitatu ijayo wangapi, na watakaa wapi. Chumba cha darasa la kwanza ni kimoja. Mpango wangu una mistari mizuri sana, nimeipiga kwa rula. Watoto ndio hawaingii.

Naungama hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: kila mtoto aliyeshindwa kugusa sikio leo alinipa nafuu. Mmoja kapungua.

Mwalimu Njoroge wa darasa la pili aliona. "Mkuu, mbona ukimwambia mtoto arudi nyumbani ndipo unatabasamu?"

Nikamwambia ni jua linanikunja uso.

Njoroge huyu ndiye aliyenipa wazo la zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, chumba kile kile, madawati yale yale. Wazo zuri. Nikamuuliza nani atafundisha zamu ya mchana. Sote wawili tukatazama dari. Nafasi ya jina nimeiacha wazi kwenye mpango tangu Jumatatu. Mchana, kama hujui, ndio wakati ambao mimi hukagua shamba langu la mahindi nikiwa nimelala.

Halafu akaja Wambui.

Mama yake humenya mananasi kiwandani. Hii ni mara ya tatu kumleta. Alikuwa amemvika gauni la Krismasi, si la iliyopita, la ile ya kabla yake, limepigwa pasi likanyooka kama barua ya serikali. Mkono wa mtoto ukapanda, ukafika juu ya paji la uso, ukakwama. Akakaza meno, na nikaona yale mawili ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, mapya. Akajaribu tena. Nikasikia uzi ukikatika mahali fulani.

Nikasema, anayefuata.

"Mwalimu, tafadhali mwangalie tena," mama akasema. "Jumamosi shangazi yake anakuja kutoka Ruiru kumchukua akamlelee mtoto wake. Nilimwambia Wambui akiandikwa shule haendi. Akienda, shule ndiyo imekwisha."

"Mama Wambui, sikio ni sikio. Nikimruhusu mmoja, wale wote barabarani wataniuliza."

Alinitazama kidogo. "Haya, Mwalimu. Asante."

Asante. Wambui akaondoka akiwa ameshika kwapa kwa mkono mwingine, kuficha palipochanika.

Sikuhisi kitu. Nilichovya kalamu kwenye wino, nikaendelea.

Saa kumi nilirudi nyumbani kujaribu koti la kuvaa kesho, nitakapopeleka mpango ofisini. Koti ninalo moja, la arusi yangu, na tangu arusi nimeongezeka pande zote isipokuwa juu. Mke wangu Rasoa alinisaidia kufunga vifungo. Viwili vilikubali. Basi, kwa upuuzi wangu, nikasema hebu na mimi nipimwe. Nikapitisha mkono juu ya kichwa.

Ukafika kwenye paji la uso, ukakwama.

Rasoa alicheka mpaka akashika meza. "Baba Ezekieli, rudi nyumbani ukue."

Mimi pia nilicheka. Nikavua koti, nikajaribu tena nikiwa na shati, nikagusa sikio lote mpaka shingoni.

Hapo ndipo nikaacha kucheka. Rasoa akauliza kama nimeteguka bega.

Siku ya kupimwa, mama gani atamleta mtoto shule na nguo ya kuchotea maji? Wote huvalishwa bora waliyo nayo, na bora waliyo nayo ni ya tangu walipokuwa wadogo. Miaka yote hii nimesimama pale na kalamu, nikiona mikono inakwama, nikiandika "bado mdogo". Ni wangapi waliokuwa wadogo kweli, na ni magauni mangapi nimeyapima mimi?

Nimekaa na swali hilo hapa mezani. Ningependa kusema nimelia, lakini ningekuwa nakudanganya. Kuna kitu kinachochoma tu, kama ule mguu unapoanza kurudi.

Nimefungua mpango. Penye zamu ya mchana, kwenye ile nafasi ya jina, nimeandika langu. Mwandiko umepinda na rula haikusaidia. Mahindi yatajikagua yenyewe.

Ofisi itasubiri. Kesho kabla ya kengele nitateremka mpaka nyumba za wafanyakazi wa kiwanda karibu na mto Chania, nimwombe Mama Wambui amlete mtoto tena. Aje na nguo yoyote iliyolegea, hata gunia.

Alisema Jumamosi. Natumaini huyo shangazi si mtu wa kufika mapema.