Mimi Si Motari

Louisville, mwezi wa nne

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza, ugomvi utafuata. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilifika, au iliishia njiani kama viatu vya mwaka jana? Mihogo je, mvua imeiacha? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unachemka. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ukishasema "alo" unampa mtu mwingine, naye anampa mwingine, na mwisho nabaki nagombana na jirani. Barua hii anakuletea Mama Mchungaji, anayekuja Uvira kuwaona wazazi wake.

Mama, ni nani aliyekuambia kwamba nimekuwa motari, wa kubeba abiria kwa pikipiki? Jumapili nilikuwa jikoni nakaanga visamaki vya sambaza, simu ikalia, nikasikia sauti mbili kwa pamoja: Mjomba Gaspard kutoka Columbus na kaka yangu Innocent kutoka Buffalo. Walikuwa wameunganisha laini ili wanihukumu vizuri. Mjomba anaishi Gahanna, pembeni mwa Columbus, karibu na uwanja wa ndege. Kila ndege ikipita inabidi anyamaze, kisha anaanza tena kwa hasira mpya.

"Bon, Furaha," akasema, "weye sasa uko motari? Unabeba banaume kwa pikipiki, huku America? Tumeona photo."

"Photo gani, Mjomba?"

"Ile ya pikipiki nyekundu. Ule mwanaume nyuma yako, anakushika kiuno, njo nani?"

Nikacheka, Mama, na kucheka ndiko kulikoniponza. Innocent akadakia: "Donc unatucheka? Mama ashasema binti yako Neema haji tena kwako. Mutoto wa kike hawezi kukaa na mama wa namna ile."

Sambaza ziliungua zote.

Sasa nisikilize na mimi. Huyo "mwanaume" ni Mama Goreti, Mrundi, mwenye wajukuu, tunafunga makaratoni ya bidhaa pamoja ghalani. Alikuwa amevaa jaketi la ngozi la mumewe na kofia ngumu ya kufunika uso. Angeivua mngeona kitambaa chake cha kichwani. Tulipigwa picha na mtu wa kanisani, akamtumia mkewe, mkewe akamtumia dada yake, na picha ikafika Columbus ikiwa na maelezo yake tayari. Hakuna hata mmoja aliyenipigia kuniuliza. Hilo linaniuma kuliko maneno yenyewe.

Najua mnavyowaza. Kwetu mwanamke akionekana kwenye pikipiki, yuko nyuma, amekaa upande, anapelekwa sokoni. Anayeendesha anatafuta abiria. Mtu kupanda pikipiki, kwenda asikotumwa, na kurudi bila gunia wala mteja, jambo hilo Mjomba ameishi America miaka yote hii na bado halijamwingia kichwani. Aliniuliza huwa ninaenda wapi. Nikamwambia siendi popote, natembea tu. Akanijibu, "Mutu hawezi kutembea tu na pikipiki. Iko kitu unaficha."

Basi nikueleze mwenyewe ninachoficha. Ghala letu halina dirisha. Naingia kukiwa na giza, nasimama kutwa nzima mkanda ukileta makaratoni, na msimamizi anatupitia nyuma akisema haraka, haraka. Nikitoka masikio yanavuma. Wakati huu wa mwaka baridi imeisha na jua linachelewa kuzama, kwa hiyo napanda pikipiki yangu badala ya kwenda kujifungia nyumbani. Haupiti muda majengo yanaisha. Barabara inakuwa nyembamba, inapanda vilima na kushuka, uzio wa mbao pande zote, na farasi wamesimama na watoto wao wenye miguu mirefu. Kuna miti inayotoa maua meupe kabla ya majani, na mingine ya zambarau ambayo inachanua hata kwenye shina. Watu wanakata nyasi na harufu yake inaingia mpaka ndani ya kofia. Ukivuka kijito hewa inakuwa baridi ghafla, naisikia mikononi, halafu ukipanda kilima uvuguvugu unarudi. Siendi mbio. Kuna mzee wa trekta ambaye hunipungia mkono, simjui na hanijui. Hapo mabega yanashuka, Mama. Wakati mwingine naimba zile nyimbo zako za kupalilia, kwa sauti yangu hii mbaya, na farasi hawajalalamika.

Siku ile Goreti alisema naye anataka kuona ninachokwenda kuona. Nikampakia. Kona ya kwanza alipiga kelele, ya pili akanyamaza, na tuliposimama kwenye kituo cha mafuta alikuwa analia. Alisema tangu afike nchi hii hajawahi kuona ng'ombe. Hapo ndipo tulipopigwa picha. Huyo ndiye mwanaume wangu.

Innocent ana magari mawili, na kila wikendi anakwenda Amherst kwa rafiki zake kucheza biliadi mpaka usiku wa manane. Nani amemuitia kikao? Na wewe Mama, wewe uliyeendesha baiskeli ya Baba kwenda sokoni wakati wenzako wote wanatembea kwa miguu, si walisema hutazaa tena? Ukazaa sita. Leo na wewe umekaa upande wao. Nimekasirika, sitakuficha.

Karatasi za Neema za kuja huku zimetoka. Kilichobaki ni wewe kumruhusu, afikishwe Bujumbura apande ndege. Vita vilitutenganisha akiwa bado ananyonya kidole. Nimejibu maswali ya kila ofisi, nimesimama kila foleni, na kila chumba nilichopanga hapa nimeweka na kitanda chake. Halafu picha moja ya simu inakuja kuniambia sifai kuwa mama yake. Nakataa. Nakuheshimu sana, Mama, umenilelea mtoto na sina la kukulipa, lakini hili nakataa. Pikipiki siuzi, na mtoto wangu namtaka.

Nisalimie Shangazi Sifa na cherehani yake, umwambie gauni linanibana kidogo lakini navaa. Msalimie Baba Amani aliyekuezekea nyumba. Wasalimie wanakwaya wote, hata wale walioitazama picha mara mbili. Mungu akulinde, na magoti yapone.

Ni mimi mwanao, nisiyebeba abiria,
Furaha

Neema, najua ni wewe unayemsomea bibi. Hapa usisome kwa sauti, hapa ni pako. Chukua uzi, uzungushe kichwani juu kidogo ya nyusi, ukate pale uzi unapokutana, umpe Mama Mchungaji aniletee. Nilikwenda kukununulia kofia ya pikipiki. Muuzaji akaniuliza kichwa cha mwanangu kina ukubwa gani, nikashindwa kumjibu.