Nimeombwa Kusimamia Kipaimara, Nami Changu Sina

Bi Mboni wa ukurasa huu, shikamoo. Mimi sijambo na wa kwangu wote hawajambo, mume wangu Godlisten hajambo ila mgongo, mkwe wangu Bibi Elizabeti hajambo anakusalimu, mwanangu Timotheo hajambo, mdogo wake Ritha hajambo ameota jino la mbele, na binti yetu mkubwa Precious hajambo kabisa, na kwa ajili yake nimeshika kalamu ingawa kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, uniwie radhi mwandiko.

Kwanza nishukuru, maana nikianza na shida nitakufuru. Precious sikumzaa mimi, mama yake alifariki akaletwa kwangu na begi moja ana miaka minane, na miaka sita yote kaniita Mama Timo kama wanavyoniita majirani hapa Mabawa, sikumlaumu, akiugua nalala naye chini, nikimpikia mhogo wa nazi anasema asante Mama Timo, basi. Mwezi uliopita katoka mafundisho ya kipaimara, kaweka daftari mezani, akasema, "Mama, tumeambiwa tuchague wasimamizi. Nataka wewe ndiye unishike bega." Bi Mboni, nilikuwa nachambua dagaa, nikainuka nikaenda uani nikalia, na mpaka leo nikiamka namshukuru Mungu na nikilala namshukuru.

Sasa shida, na hii sijapata kumwambia mtu. Mimi kipaimara sina. Nilikulia kambi ya chai kule Amani, mafundisho nilikwenda na wenzangu, ila kusoma nilikuwa sijui, na wakubwa wakatutisha kwamba Askofu atamnyooshea kidole yeyote amsomee katekisimu mbele za watu, siku yenyewe nikajificha msalani nyuma ya kanisa mpaka nikasikia wimbo wa kutoka. Natoka tu, mama huyo na mpiga picha, "We Praxeda, ulikuwa wapi? Njoo usimame na Askofu!" Nikasimama na gauni langu jeupe, picha ikapigwa, na ndiyo iko ukutani sebuleni miaka ishirini na saba sasa, kila mgeni anaisifia nami nacheka tu.

Padri kasema mama mzazi hamsimamii mwanawe, ila mimi kwa kuwa siye niliyemzaa inaruhusiwa, mradi nipeleke cheti changu cha kipaimara. Nikasema kimepotea. Jirani yangu Chiku, naye hajui lolote, akanicheka, "Shoga, hilo ndilo linakunyima usingizi? Nenda kwa wakili uape kimepotea, dakika tano hati ya kiapo unayo! Na Askofu si yule pale ukutani?" Nimekwenda, Bi Mboni, hati imeshaandikwa, nimesomewa, imebaki sahihi yangu tu, na Padri anaitaka kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nikiapa namwogopa Mungu, nikisema kweli naogopa Precious ataniona mwongo, atarudi kuniita Mama Timo. Nijibu upesi nakuomba, hata maneno mawili, gazeti nitalifuata mwenyewe asubuhi.

Wako, Praxeda, Mabawa

JIBU LA BI MBONI

Marahaba, Praxeda. Majina nimeyabadilisha yote, maana umenitajia nyumba nzima halafu unasema ni siri.

Hongera kwa binti. Wapo mama wa kuzaa wasiopata ulichopata wewe mezani siku ile, na una haki ya kulia uani.

Sasa nikugombeze. Ukimthibitishia Chiku kwa simu kwamba utafika shughulini kwake, kisha usitokee, utaomba radhi na yataisha. Kwa wakili hakuna hayo. Pale unathibitisha kwa kiapo kwamba uliyosema ni kweli, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Utaapaje kimepotea kitu ambacho hujawahi kuwa nacho? Tena bure, kwa sababu kanisa huandika majina daftarini; Padri akiuliza huko ulikotoka, lako halimo. Hati hiyo iache hukohuko, usiiguse.

Na kipaimara, mama, si mtihani wa kusoma. Hapo Mungu ndiye anayekuimarisha wewe uliye dhaifu. Ulikuwa mtoto mwenye hofu. Kosa si kujificha, kosa ni kutabasamu mbele ya kila mgeni miaka yote hiyo. Nenda kwa Padri wiki hii, umweleze yote, hata ya msalani. Akicheka, vumilia. Watu wazima nao hupewa kipaimara. Muulize uanze lini mafundisho. Usimamizi wa mwaka huu mwachie mwingine, hata Bibi Elizabeti kama yeye anacho.

Ila kabla ya Padri, Precious. Usimtume baba yake. Mtoto aliyekutazama miaka sita kabla ya kukuita mama, hakuwa akitafuta cheti. Ukimaliza kusoma hapa, likunje gazeti, mwite, umwambie: "Mwanangu, mimi kipaimara bado sijapata. Nilimwogopa Askofu." Kisha umwachie yeye zamu ya kusema.