Nafasi kati ya Masika na Kabugho

Jumatano, Bwera. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi. Mvua hainyeshi, wala haiachi kutishia. Na mimi niko hivyohivyo.

Matokeo ya tuzo yamekuja. Sikushinda.

Nimeisoma barua pepe mara nne na bado sisikii kitu. Nilidhani nitalia. Nimeosha vyombo, nimefagia ua, nimerudi kuisoma tena. Ni ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: ni tuzo ya hadithi fupi za kubuni, na kila utanzu una mshindi wake. Mapenzi, kutisha, historia, sayansi, fumbo. Kwenye fomu unachagua mmoja tu. Nilikaa na ile fomu wiki nzima, maana hadithi yangu haina wapenzi, wala mzimu, wala polisi. Ina msichana anayetafuta kitu nyumbani kwao bila kujua anatafuta nini. Mwishoni anakuta sweta dogo chini kabisa ya sanduku la mama yake, lisilomtosha mtu yeyote. Nikaweka alama kwenye fumbo.

Waamuzi wameniandikia sentensi mbili. Lugha ni safi. Lakini fumbo halifumbuliwi, na msomaji anamaliza bila kujua ni nani aliyepotea.

Hiyo ya pili imenishangaza, kwa sababu kwetu jibu liko kwenye sentensi ya kwanza.

"Masika alikuwa akimsuka nywele mdogo wake, Kabugho." Ndivyo inavyoanza. Mkonzo yeyote, mtu wa kabila letu, akifika hapo, ameshajua. Kwetu binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Jina halichaguliwi, linakusubiri kwenye foleni. Ukiikuta nyumba ina Masika na Kabugho peke yao, kuna mtu hapo katikati. Nilijiona mjanja sana. Nililiweka jibu mahali peupe, nikasahau kwamba waamuzi wako mbali na hawahesabu watoto hivyo.

Ndivyo nilivyomweleza dada yangu kwenye simu. Ameolewa, anakaa Kasese.

"Pole, mwandishi," akasema. "Si ungeandika mapenzi? Nani atakupa tuzo kwa kutafuta sweta?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Anaitwa Masika.

Mimi ni Kabugho.

Basi niseme ukweli hapa, ambapo wanaonisoma wanahesabika. Jina la Biira sikuliacha kwa ujanja. Niliogopa. Alifariki kwa homa kabla sijazaliwa, na sijawahi kumsikia Mama akilitamka jina lake. Mtaani kwetu Biira ni wengi, na Mama huwaita wote "mutoto". Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo jina lilitakiwa, vidole vilikataa, nikasingizia utanzu. Nilijiambia kwamba fumbo zuri halisemi kila kitu. Waamuzi wameona udhaifu wa uandishi. Hawakukosea, ila hawakujua ni udhaifu gani.

Mchana Mama alikuwa akivunja chumvi. Anauza chumvi ya mawe kutoka Kabatoro, na siku ambazo si za soko huivunja kwa nyundo nyumbani na kuipima kwenye mifuko. Tangu nimalize shule, kazi yangu ni kushika mdomo wa mfuko. Simu ilikuwa mapajani.

"Unaangalia simu tangu asubuhi. Iko na nini?"

"Hadithi yangu, Mama. Imeshindwa."

"Imeshindwa na nani?"

"Na zingine."

"Hizo zingine ziko na mikono?" Akatikisa chumvi kwenye ungo. "Soma nisikie. Mikono yangu ndiyo iko na kazi, masikio iko bure."

Sikuwahi kumsomea. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha hadithi ni cha vitabu, nikatumaini hataelewa. Nikasoma ile sentensi ya kwanza haraka haraka.

Nyundo ikasimama.

"Ngoja. Umeruka mutu."

Nikarudisha macho kwenye simu.

"Masika, halafu Kabugho," akasema, macho kwenye chumvi. "Biira iko wapi?"

Sikujua kama anauliza kuhusu hadithi. Nikasema, "Sikumwandika, Mama."

"Yeye alikuwa anapenda kusukwa," akasema. "Mwenye alikuwa analia ni Masika."

Kisha akaendelea kuvunja. Sikulia. Mama naye hakulia. Nilishika mdomo wa mfuko, chumvi ikaingia, nikaufunga, nikachukua mwingine.

Sasa ni jioni na mvua imeamua kunyesha. Nimeifungua hadithi, nikaweka kishale kati ya Masika na Kabugho. Kikawaka na kuzima, kikawaka na kuzima. Nikaliandika lile jina.

Herufi tano tu. Nilitegemea nitasikia kitu, bado sisikii, lakini sijalifuta.

Haiwezi kuwa fumbo tena. Jibu liko mwanzoni, hata kwa aliye mbali. Mwakani tuzo ikifunguliwa, fomu itaniuliza utanzu, na juu yake kutakuwa na lile neno "kubuni". Nitaweka alama wapi?